Maharage ya Tathmini

Masika imekata barabara pale darajani.
Tunapanda Uru kwa miguu, madodoso kwenye rambo,
viatu vimebeba udongo kuliko vinavyonibeba mimi.
Mbuzi wa maziwa arobaini na wawili
waligawiwa huku mwaka juzi.
Kazi yangu ni kuuliza wako wapi.

Kwa Ndeanasia banda lipo, mbuzi hayupo.
Kwa Eliamringi mbuzi yupo, ila ni wa jirani.
Bibi Aikarua kaniambia, "Wangu alikufa,"
na nyuma ya migomba mbuzi analia.
Nikaandika alichosema.
Ndio utaratibu.

Kaya namba ishirini na tatu ni ya mama yangu.
Niliomba nibadilishiwe;
msimamizi akasema sampuli ni sampuli.
Nikapiga hodi kama mgeni,
naye akafuta kigoda kwa khanga, kama kwa mgeni.
Nikamsomea ridhaa: una haki ya kukataa,
una haki ya kusitisha mahojiano wakati wowote.
"Haki hiyo," akasema,
"ningepewa siku ninayokuzaa wewe."

Swali la kumi na nne.
Je, mradi umeboresha maisha yako?
Moja, sana. Mbili, kiasi. Tatu, hapana.
Tisini na tisa, sijui.
Mama akatazama mfereji kitambo.
"Unauliza wewe, au anauliza aliyekutuma?"
Kalamu ikazunguka juu ya karatasi
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Basi mwandikie huyo aliyekutuma:
maziwa nilikuwa nampelekea Manka,
amejifungua pacha, kifua kikavu.
Asubuhi nashuka na kibuyu, jioni nashuka tena,
na goti langu unalijua.
Siku moja nikaona upuuzi,
nikamfunga mbuzi kamba nikampeleka mwenyewe.
Andika sasa. Sina mbuzi."

Nikaandika: *Hana mbuzi.*

Matokeo yakarudi kutoka mjini yamepigwa pasi.
Waliogawiwa, arobaini na wawili. Waliokutwa, kumi na saba.
Mradi, kwa Kiswahili cha ripoti, haukuwa endelevu.

Ijumaa ya mrejesho tulikaa darasa la tatu,
watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu.
Msimamizi kabandika chati yake ya rangi nne.
Watu wakaitazama kwa heshima,
kama picha ya harusi ya watu usiowajua.

Ndipo Ndeanasia akainuka na kikapu,
akamwaga maharage sakafuni,
akachukua chaki akachora: nyumba, nyumba, mfereji, nyumba.
"Punje moja, kikombe kimoja. Kila mtu aweke ulikokwenda."
Hapo ndipo kelele zilipoanza.
Punje zikatoka kwa mama zikashuka kwa Manka,
zikavuka mfereji, zikapanda kwa fundi Temba mwenye vidonda vya tumbo,
zikazunguka kwa mwalimu, zikarudi nusu.
Kulikuwa na ugomvi juu ya punje nne.
Kulikuwa na nyumba moja, ya pembeni,
ambayo hakuna aliyeipelekea hata moja,
na tukanyamaza tulipoiona.

Wa mwisho kuinama alikuwa bibi Aikarua.
Akaweka punje tatu kwenye mlango wake mwenyewe.
"Hakufa," akasema. "Nilidhani mmekuja kumchukua."
Darasa likacheka, naye akacheka,
kisha akaacha kabla yetu.

Msimamizi akaipiga picha sakafu.
Akaniuliza hii ataiandikaje.
Sikujua. Tisini na tisa.
Mvua ilishaanza tena kwenye mabati,
na akina mama walikuwa wanaokota punje moja moja,
zingine nyeupe kwa chaki.

Fungu letu mama akaliosha, akalipikia kiburu.
Nimesikia mengi kuhusu takwimu zilizopikwa;
hizi ndizo za kwanza kuzila.
Akaniongeza upawa wa pili
bila kuniuliza sana, kiasi, au hapana,
kisha akachota wa tatu kwenye bakuli lenye kifuniko,
akajifunga khanga kichwani,
akatoka nalo mvuani, upande wa ile nyumba ya pembeni.